Turkana Iko Chini

Kama hujawahi kusikia habari za Abdirahman Gia Moja, basi wewe ulizaliwa jana, au ulizaliwa zamani lakini mbali na Eldoret, na hilo ni kosa ambalo mtu husamehewa. Duniani kuna watu wa vitabu na kuna watu wa barabara. Watu wa vitabu tunawaheshimu, wavae tai zao. Lakini mtu aliyeendesha lori miaka arobaini na moja, Malaba mpaka Mombasa, Isiolo mpaka Moyale, Kitale mpaka Lokichoggio, bila kupindua hata gunia moja la mahindi, huyo utamfundisha nini? Utamwambia Kenya iko wapi? Ameikalia yote kwa makalio yake mwenyewe, na mgongo wake unaweza kukutajia kila shimo kwa jina.

Jina la Gia Moja alipewa na madereva wenzake, na siku walipompa walikuwa wanamcheka. Kwenye mteremko wa Kamatira, pale barabara ya Kapenguria inapojikunja kama nyoka aliyekanyagwa mkia, wenzake walikuwa wanashuka na gia tatu huku wakipiga honi. Yeye alishuka na gia moja, pole pole, injini inanguruma, na nyuma yake foleni nzima inamtukania mama. Waliokuwa wakicheka, wengi wao leo hawacheki tena, mteremko uliwanyamazisha. Yeye yuko mtaa wa Pioneer, anakunywa chai.

Shule? Alifika darasa la tatu, na hata hilo la tatu alilimaliza akichungulia nje kuona ni gari gani limepita. Namba za gari anasoma upesi kuliko polisi. Vibao vya kilomita anasoma. Lakini ukimpa karatasi yenye maneno mengi, atajipapasa mfuko wa shati, kisha mfuko wa koti, kisha atasema, "Ah! Miwani nimeiacha kwa lori." Na lori lenyewe, ambalo alikuwa ameliita Subira, liliuzwa miaka miwili iliyopita, wakati goti lake la kushoto, lile la kukanyaga klachi, lilipogoma kabisa.

Tangu siku hiyo kazi yake ni kukaa juu ya kreti ya soda ndani ya duka la binti yake Hodan, akipima sukari. Mteja akija kutaka mkate, anapewa mkate pamoja na habari za mbuni wa Marsabit mwenye shingo ya bluu. Wengine walikuwa wanapenda. Wengine walianza kununua mkate duka la ng'ambo.

Basi Jumanne moja, mjukuu wake Ayan, msichana wa gredi ya tano mwenye mdomo wa wakili, akaingia dukani na begi mgongoni, akasimama mbele ya kreti.

"Awowe," akasema, maana ndivyo Wasomali wanavyomwita babu, "wewe ulisoma mpaka wapi?"

"Mpaka Moyale."

"Awowe! Sitaki mchezo. Nimeingia kwa shida."

Mzee akaweka kijiko cha sukari chini. Ayan akaeleza. Mwalimu wao, Madam Tryphosa, alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa ni siku ya Nchi Yetu. Darasa lilitaka mgeni wa kuwaeleza watoto habari za Kenya: ardhi yake, wanyama wake na mambo ya zamani. Watoto wakaanza kutaja wajomba wenye kompyuta na shangazi wa utalii. Ayan akanyanyua mkono, akasema Awowe wake anaijua Kenya yote na hatumii kitabu hata kimoja.

"Umesema ukweli mtupu," mzee akasema. "Shida iko wapi?"

"Shida ni Wabuge. Yule kijana mkubwa wa dawati la nyuma. Amesema, 'Babu yako anajua kilo ya sukari tu. Mwongo wewe!' Darasa lote likacheka. Na mimi nikakasirika."

"Ukasema nini?"

Ayan akaangalia viatu vyake. "Nimesema ukikosea kitu kimoja, kimoja tu, waniite Mwongo mpaka gredi ya tisa. Na wote wamekubali."

"Kimoja?"

"Kimoja."

"Hukuweza kusema hata vitano, mama?"

Lakini hapo hapo kifua chake kilikuwa kimeshajaa upepo kama tairi mpya. Hodan, aliyekuwa akipanga sabuni, akamgeukia baba yake akasema, "Aabo, watoto wa siku hizi wanasoma. Watakuuliza maswali."

"Waulize! Mimi nimeulizwa maswali na polisi wa kila kaunti."

Ayan akafungua begi akatoa kitabu chenye ramani. "Angalia kidogo basi, Awowe. Hii ndiyo ramani Madam anatumia."

Mzee akajipapasa mfuko wa shati. Akajipapasa mfuko wa koti. "Ah," akasema. "Miwani nimeiacha kwa lori."

Ayan akamtazama, akafunga kitabu. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo shimo lilipochimbwa. Mtu mwenye majivuno hachimbiwi shimo na adui. Hujichimbia mwenyewe, akaliwekea na mkeka juu.

Alhamisi akaja Mbuthia kutoka Burnt Forest na gunia la viazi vya duka. Mbuthia alikuwa tanboi wake miaka kumi na tisa: yeye ndiye aliyekuwa akifunga turubai, kuweka jiwe nyuma ya tairi na kupika chai kando ya barabara. Siku hizi ana shamba la viazi na kitambi, lakini bado wakikutana wanatukanana kama vijana.

"Nasikia umeajiriwa ualimu," Mbuthia akasema, akitua gunia. "Mungu awahurumie watoto."

"Wewe nilikufundisha, ukakosa nini?"

"Ulinifundisha Ikweta!" Mbuthia akamgeukia Ayan. "Safari yangu ya kwanza, tunakaribia Timboroa, huyu babu yako ananiambia, 'Tanboi, mbele kuna mstari wa Ikweta, umekatwa chini kama mtaro. Mtu asiporuka, anapata kizunguzungu mwezi mzima.' Akasimamisha lori. Nikashuka. Nikaruka mbele ya akina mama wa kuuza karoti. Nikaruka mara tatu, kuwa na hakika!"

Ayan akacheka mpaka akakalia viazi.

"Na ulipata kizunguzungu?" mzee akauliza.

"Sikupata."

"Basi dawa ilifanya kazi."

Wakakubaliana Mbuthia alale hapo, kesho waende shule pamoja. Mzee akatoa stoo turubai kubwa la kijani, kitu pekee alichobaki nacho cha Subira. Hodan akauliza la nini. Mzee akasema watoto wakichoka kukaa darasani watalikalia kwenye nyasi; dereva haendi safari bila turubai. Kumbe turubai lenyewe lilikuwa linajua kinachokuja kumshinda yeye.

Ijumaa saa nne asubuhi, darasa la gredi ya tano lilikuwa limejaa mpaka dirishani. Madam Tryphosa, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kengele, akamkaribisha Mzee Abdirahman. Kisha akamkaribisha na mwenyekiti wa wazazi, Bwana Cyril, aliyestaafu kazi ya kupima mashamba. Huyu alikuwa mtu wa adabu na wa mistari iliyonyooka: suruali imepigwa pasi ikakata, na viatu vyeusi vinang'aa mpaka ungeweza kunyolea ndevu ukijitazama. Alikuwa ameiletea shule zawadi, ramani mpya ya Kenya, ya rangi, ndefu kuliko mtoto. Ilikuwa imeshatundikwa ukutani nyuma ya mzee. Mzee akaiangalia mara moja kwa jicho la pembeni, kama mtu anavyomwangalia mbwa wa jirani, akaipa mgongo.

"Nani anajua kuendesha lori?" akauliza.

Watoto wakatazamana.

"Mko wangapi?"

"Arobaini na wawili!"

"Basi nyinyi ni lori la tairi arobaini na mbili, halijawahi kuonekana barabara hii. Shikeni usukani. Tuko Mombasa, tumebeba ngano. Jua ni kali, shati limeshika mgongo. Gia moja, ngurumeni!"

Darasa likanguruma. Madirisha yakatetemeka. Gredi ya sita, chumba cha pili, wakafikiri ni ndege. Mzee akawapandisha Mazeras na gia tatu, huku wote wameinuka nusu kwenye viti. Akawafikisha Voi na gia tano. Hapo akawaonyesha ndovu wekundu.

"Wekundu?" Wabuge akasema kutoka nyuma. "Ndovu ni grey."

"Ndovu ni wa rangi ya vumbi lake, kijana. Tsavo udongo ni mwekundu, naye hujipaka mgongoni kama poda, nzi wasimsumbue. Mleteni Eldoret akajigaragaze hapa nje, atakuwa kama sare yenu mnaporudi nyumbani jioni."

Wakacheka. Bwana Cyril akatikisa kichwa kukubali. Ayan, dawati la mbele, akahesabu kimoyomoyo: kosa, hakuna.

Wakapita Nairobi, wakateremka Bonde la Ufa. Akawaeleza kuwa ardhi yenyewe iliwahi kuchanika kama suruali ya mtu mnene akiinama, na mpaka leo bado inachanika, pole pole. Akawaonyesha twiga na heroe, wale flamingo wa ziwani. Akawapandisha tena, gia mbili, gia moja, wote wamesimama wima wanaunguruma, jasho linawatoka, hadi msitu wa Timboroa ambako mbega, kima wale weusi wenye joho jeupe, huwaangalia madereva kama maaskofu. Mbuthia akaruka Ikweta mbele ya darasa, na kitambi chake. Sijui kama shule hiyo imewahi kuona kitu kizuri zaidi.

"Burnt Forest!" mzee akaita. "Breki. Hapa tunasimama kidogo."

Mtoto mmoja akauliza kwa nini msitu unaitwa ulioungua. Mzee akajibu kwamba msitu uliungua zamani sana, jina likabaki. Kisha akamwangalia Mbuthia. Mbuthia akakuna shingo.

"Na duka langu liliungua mwanzo wa elfu mbili na nane," akasema. "Watu wa Kenya walikosana. Mimi, mke wangu na majirani tulikuwa kando ya barabara na godoro moja. Huyu mzee alikuja na Subira. Akamwaga mbolea aliyokuwa amebebeshwa kwenye mtaro, akatupakia. Na kwa safari ya pili akawapakia wale ambao sisi tulikuwa tunawaogopa, maana na wao walikuwa wanaogopa."

Ayan akageuka kumtazama babu yake.

"Kwenye mizani," mzee akasema, "lori hupimwa uzito tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza uzito huo unaongea lugha gani. Haya, gia mbili, tufike nyumbani."

Wakafika Eldoret kwa vifijo. Akawaambia mji wao ulikuwa shamba nambari sitini na nne, ndiyo sababu wazee wanauita Sisibo, yaani "sixty-four" ya Kizungu iliyopindwa mdomoni. Akawaambia ile hadithi ya wazee kwamba sefu ya benki ya kwanza ilianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ikawashinda watu kuinyanyua, basi wakajenga benki kuizunguka. "Mzigo ukikataa kwenda kwa nyumba," akasema, "nyumba huenda kwa mzigo." Hata Madam Tryphosa akaandika hilo.

Sasa kama angeketi hapo, hadithi ingekwisha kwa amani. Lakini nani aliwahi kumwona Gia Moja akizima injini wakati bado watu wanapiga makofi?

Msichana anayeitwa Wanja akainua mkono. "Mzee, umesema Ikweta iko hapo Timboroa tu. Na Madam alitufundisha Ikweta kuna joto. Mbona sisi tunavaa sweta?"

"Swali la dereva hilo!" mzee akafurahi. "Tunavaa sweta kwa sababu tuko juu. Ukipanda, baridi inapanda na wewe. Mimi nikienda Turkana nilikuwa nasoma barabara kwa nguo: Kapenguria sweta, Ortum shati, Lokichar fulana, na Lodwar, Madam ataniwia radhi, hata fulana ni mzigo. Kwa nini? Kwa sababu sisi tuko juu, na Turkana iko chini."

Kiti kikaanguka nyuma. Wabuge alikuwa amesimama, kidole kimenyooka kama mshale kuelekea ukutani.

"Amekosea! Turkana iko juu! Iko juu kabisa! Angalieni ramani!"

Darasa lote likageuka. Na kweli, pale ukutani Turkana ilikuwa juu kabisa, karibu na dari, na Eldoret chini yake. Kicheko kikaanza dawati la nyuma, kikaja mbele kama maji ya mvua. "Mwongo! Mwongo!" wakaimba wawili watatu. Madam Tryphosa akagonga meza. Ayan akalaza paji la uso juu ya dawati.

Bwana Cyril akainuka. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa tu mtu asiyeweza kupita picha iliyopinda ukutani bila kuinyoosha. "Mzee, kwa heshima," akasema, "hapo umeteleza. Turkana ni kaskazini, na kaskazini ni juu. Tusiwapotoshe watoto."

Mzee akageuka. Kwa mara ya kwanza akaitazama ramani ile uso kwa uso. Akaona kile kiraka cha bluu cha ziwa pale juu. Akaona Moyale kichwani kama kofia. Akaona Mombasa imening'inia pembeni chini. Miaka arobaini na moja alikuwa akisema "nashuka Turkana", na tanboi wake alisema "tunashuka", na madereva wote, na mama wa chai wa Marich alimuuliza, "Mnashuka leo?" Je, wote walikuwa wamekosea? Akahisi kama Subira amelala chali, tairi zinazunguka hewani. Akaona kichogo cha Ayan juu ya dawati, na utepe mweupe aliofungwa na Hodan asubuhi, kwa ajili ya siku hii.

Gia moja, mzee akajiambia. Pole pole.

"Mwenyekiti," akasema, "hiyo ramani ni nzuri sana. Ukiitoa ukutani ukailaza sakafuni, Turkana itakuwa juu ya nini?"

Bwana Cyril akafungua mdomo. "Itakuwa... itabaki kaskazini."

"Jina la upande sijauliza. Nauliza juu ya nini."

Bwana Cyril akaigeukia ramani yake.

"Lori langu halikuwahi kupanda karatasi," mzee akasema. "Lilipanda ardhi. Madam, nipe watoto hawa dakika kumi, nje. Na ndoo mbili za maji. Tanboi! Turubai!"

"Ndiyo, dereva!" Mbuthia akajibu, na ilikuwa kana kwamba miaka kumi na tisa imeingia tena kwenye miguu yake.

Nje kwenye nyasi wakalitandaza turubai, kijani chote. Mzee akamwendea Ayan, aliyekuwa amekuja wa mwisho macho mekundu.

"Mama, ramani iko kwa kichwa chako?"

"Iko."

"Basi sikiliza. Wewe unajua nani anakaa wapi. Mimi najua nani ni mrefu. Tusaidiane."

Ayan akafuta pua kwa mkono wa sweta. Kisha ile sauti ya wakili ikarudi. "Kaskazini huku, kwa bendera! Mombasa pale, kwa mfereji! Ziwa Viktoria huku, kwa choo!"

"Cherangani?" mzee akauliza.

"Hapa!"

"Wasichana wanne, ingieni chini, mchuchumae, mabega juu! Kirinyaga?"

"Pale!"

"Aliye mrefu kuliko wote aingie asimame wima, na ngumi kichwani, hiyo ndiyo theluji. Eldoret?"

"Hapa!"

"Sita, kwa magoti na mikono, migongo sawa kama meza. Sisi ni watu wa uwanda wa juu, hatupindi mgongo. Mlima Elgon?"

Ayan akaonyesha mahali, kisha akamwangalia Wabuge. Hakuna aliyekuwa mkubwa kama Wabuge.

"Mimi?" Wabuge akasema. Akasitasita. "Kwa nyanya yangu ni Elgon."

"Basi nenda nyumbani," mzee akasema.

Wabuge akatambaa chini ya turubai, na mara likainuka dude, pana, la kutisha. "Mimi ndio Elgon!" likanguruma. "Ndani yangu kuna pango! Nyanya alinionyesha! Ndovu wanaingia usiku kulamba chumvi ya mawe!"

"Kweli kabisa!" mzee akapiga kelele. "Hata mimi sikusema hilo. Andika, Madam!"

"Na Turkana, Awowe?" Ayan akauliza. "Nimuweke nani?"

"Usimweke mtu."

Bwana Cyril alikuwa amezunguka mpaka upande wa bendera, mikono nyuma, kuhakikisha kaskazini iko kaskazini. Ilikuwa kaskazini sawasawa. Alikuwa amesimama pembeni kabisa mwa turubai, mahali ambapo, kwa hesabu ya Ayan, ni Lodwar.

"Mwenyekiti," mzee akasema, "kwa ramani yako uko juu?"

"Niko juu," Bwana Cyril akajibu, imara.

"Tanboi. Mvua, Cherangani."

Mbuthia akainua ndoo, akamimina.

Wasichana wanne wakapiga mayowe chini ya turubai, lakini hawakusogea, hongera zao. Maji yalisimama kidogo juu ya mabega yao, kana kwamba yanafikiria. Kisha yakapata njia. Yakashika mkunjo kati ya Cherangani na Elgon, yakakusanya nguvu, yakapita Marich, yakapita Lokichar, yakashuka yakimeta kwenye jua kuelekea bendera, yakajaa bondeni yakawa ziwa, na ziwa likapanda juu ya viatu vya mwenyekiti mpaka kwenye soksi.

"Yanashuka!" Wanja akapiga kelele. "Yanashuka Turkana!"

"Turkana iko chini!" Ayan akaita, mikono hewani. Na darasa zima, wale wa nje na wale milima chini ya turubai, wakalishika neno hilo: "Turkana iko chini! Turkana iko chini!" Gredi ya sita wakatoka. Gredi ya nne wakatoka. Mpishi akatoka na mwiko.

"Ndoo ya pili, Eldoret!" mzee akaamuru, maana sasa nani angemshika? Maji yakamwagika juu ya migongo sita, yakakimbilia upande wa choo. "Hiyo ni Sosiani yetu! Inaingia Nzoia, Nzoia inaingia Ziwa Viktoria, na Viktoria inatoa Naili, Naili inakwenda mpaka Misri. Misri iko wapi kwa ramani? Juu kabisa, imepita hata dari! Sasa niambieni, mto umejifunza wapi kupanda mlima?"

Bwana Cyril aliangalia viatu vyake. Akaangalia lile ziwa. Akaangalia migongo ya Eldoret ilivyokuwa juu, na pale aliposimama yeye palivyokuwa chini. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Madam Tryphosa akadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka tangu astaafu.

"Miaka thelathini na mbili," akasema, "nimeandika urefu wa ardhi kwa tarakimu ndogo ndogo. Eldoret mita elfu mbili na mia moja. Lodwar mia tano. Ziko kwenye ramani ile ile. Na nimesimama mbele ya watoto nikaita kaskazini juu." Akainua mkono. "Watoto! Mzee hakukosea. Turkana iko kaskazini, na Turkana iko chini. Vyote viwili."

"Na usitoke hapo haraka, mwenyekiti," mzee akamwambia. "Mahali umesimama kuna mamba wengi, lakini pia ni kwetu sote. Mwaka wa themanini na nne, mimi nikipeleka mahindi ya msaada huko, wataalamu walichimba kando ya ziwa hilo wakapata mifupa ya kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kabla hakujawa na Msomali, wala Mkikuyu, wala mwenyekiti. Kwa hivyo karibu nyumbani."

Watoto milima walianza kutoka chini ya turubai, wamelowa, wanapepesuka. Elgon peke yake haukusogea.

"Wabuge, toka," Madam akasema.

Kutoka ndani ya mlima ikasikika sauti ndogo. "Nilisema Ayan ni mwongo. Sio mwongo."

"Huo mlima umesema nini?" mzee akauliza, mkono sikioni. "Nasikia gia moja. Hiyo ni yangu. Wewe weka ya tano!"

"AYAN SIO MWONGO!" Elgon ukanguruma, na Wabuge akatokea, nywele zimesimama, akacheka yeye mwenyewe kwanza.

Mchana walirudi Pioneer kwa miguu, mzee na goti lake, Mbuthia na turubai lililolowa begani, na Ayan mbele, akitembea katikati ya njia kama lori lenye mzigo halali. Boda boda wawili walimpigia honi. Hakuwapisha.

Dukani, mzee akakaa kwenye kreti yake. Wateja walikuwa wamejaa, maana habari ilikuwa imefika kabla yao. Hata wale wa mkate wa ng'ambo walikuwepo. Akahadithia mara tatu. Mara ya tatu maji yalikuwa yamefika kiunoni mwa mwenyekiti, na Mbuthia hakumsahihisha.

Walipopungua, akamwita Ayan. "Leta kile kitabu chako. Kile cha ramani."

Ayan akakitoa. "Na miwani, Awowe?"

Mzee akanyanyua mkono kuelekea mfuko wa shati. Mkono ukasimama njiani, ukashuka.

"Hakuna miwani, mama. Haijawahi kuwa. Nionyeshe hivyo hivyo, nione hawa watu wa karatasi wanatembeaje. Lakini pole pole."

Ayan akafungua kitabu magotini pa babu yake, akakilaza sawasawa, usawa wa ardhi.

"Gia moja?" akauliza.

"Gia moja," mzee akasema. "Anza na Moyale. Huko ndiko nilifikia na masomo."